Duka la Rudia

Siku Umesh Raichura alipofufuka, Orpah Mokeira alikuwa ng'ambo ya barabara pale Nyansiongo akichambua viazi, mjukuu wake amelala mgongoni. Aliinua kichwa kumlalamikia mwenye viazi, akaona mlango wa duka la dawa uko wazi. Nyuma ya kaunta, ndani ya koti jeupe, alisimama mtu ambaye soko zima lilikuwa limeshamlilia na kumaliza. Alikuwa amekonda mpaka shingo inaogelea ndani ya kola, lakini alikuwa yeye. Alikuwa akimwonyesha mteja chupa ya dawa, na midomo yake ikatamka neno ambalo Orpah hakuhitaji kulisikia ili alijue.

Rudia.

Hilo ndilo neno la duka lile tangu enzi za wazazi wa Umesh. Hutoki na dawa mpaka urudie kwa sauti ulivyoelezwa: vidonge vingapi, mara ngapi, kabla ya chakula au baada. Wakubwa kwa wadogo hurudia. Mwalimu mkuu hurudia, padri hurudia, na hata chifu, ambaye hapendi kuambiwa kitu mara ya pili, hurudia kwa sauti ya chini akiangalia viatu vyake. Ubao wa mlangoni umeandikwa Raichura Chemist, lakini ukimuuliza mtu wa huku Borabu kwa Raichura ni wapi atakutumbulia macho. Uliza kwa Rudia, utapelekwa mpaka mlangoni.

Soko lilifurahi siku hiyo, na lilikuwa na haki ya kufurahi. Sylvanus, fundi wa viatu ambaye benchi lake limeegemea ukuta wa duka, aliacha kiatu cha mtu nusu soli akaingia kumshika mzee mkono ili ahakikishe una joto. Nyamusi muuza ndizi alipiga vigelegele. Orpah peke yake ndiye ambaye hakufurahi. Aliviacha viazi mezani, akavuta leso akamfunika mtoto kichwa kana kwamba anamficha polisi, akashika njia ya nyumbani bila kuaga mtu. Maana yule mtoto mgongoni naye aliitwa Umesh, na Orpah ndiye aliyempa jina hilo.

Mtu wa kwingine anaweza kuuliza ubaya uko wapi. Kwa Wakisii wa rika la Orpah, jina la mtoto hutoka kwa waliotangulia. Mzee akishazikwa, jina lake hubaki bila mwenyewe, likizunguka boma, mpaka mtoto azaliwe alibebe. Jina la mzee aliye hai haliguswi. Ukilichukua ukampa mtoto, ni kama umemwambia mzee ainuke, kiti kimepata mwenyewe. Orpah ni Msabato wa kweli, na mchungaji wake ameshahubiri mara nyingi kwamba mambo hayo ni ya giza. Yeye huitikia amina kama wenzake. Lakini amina ya kanisani ni jambo moja, na kumwita jirani yako kaburini ni jambo jingine.

Tena si jirani hivi hivi. Onyiego, mwanawe wa pekee, baba wa huyo mtoto, anapumua leo kwa sababu ya Umesh. Alipokuwa mdogo alishikwa na kikohozi, na Orpah akambeba kwenda kununua dawa ya kifua, kama mama yeyote ambavyo angefanya. Umesh alimweleza, akamwambia arudie. Orpah alipokuwa akirudia, aliona mwenye duka hamsikilizi. Alikuwa akitazama mbavu za mtoto, jinsi ngozi ilivyokuwa inazama kila akivuta pumzi. Akanyoosha mkono akaichukua ile chupa. "Hii sikuuzii," alisema, na Orpah akaona kwamba amedharauliwa, akataka kulia kwa hasira. Umesh hakungoja hasira yake iishe. Alimwachia dada yake Ramila duka, akawapakia kwenye pikapu yake kuukuu, akaendesha mpaka Kisii bila kusimama. Njiani macho ya mtoto yalipoanza kufumba, alisema bila kuondoa macho barabarani: "Mwite jina lake. Asikie. Rudia." Orpah aliliita jina la mwanawe njia nzima mpaka sauti ikakauka, na walipofika hospitalini mtoto alikuwa bado anamsikia.

Sasa niambie, mtu kama huyo utamlipa nini? Orpah alimlipa kwa kumwua kabla ya siku zake. Hivyo ndivyo alivyojiambia akipanda kilima kuelekea nyumbani.

Lawama zote si zake, lazima tuseme kweli. Duka la Rudia halijui kufungwa. Hufungwa sikukuu ya Diwali tu, na hata siku hiyo Ramila husimama mlangoni akigawa vitamu vya unga wa dengu. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, maduka yote ya barabarani yalipoteremsha vyuma, Rudia liliacha mlango mmoja wazi. Ramila alisimama pale na bandeji, akimfunga kila aliyeletwa bila kuuliza ni wa kabila gani, anatoka upande gani wa mpaka. Wakati wa korona waliweka karatasi ya plastiki mbele ya kaunta, na watu wakarudia maelezo kupitia barakoa mpaka plastiki ikaingia ukungu. Kwa hiyo asubuhi moja Nyansiongo ilipoamka ikakuta kufuli kubwa mlangoni, na si Diwali, watu walijua kuna jambo.

Sylvanus ndiye aliyebandika paji la uso kwenye wavu wa dirisha kuchungulia. Ukutani, mahali ambapo hapakuwa na kitu siku zote, aliona picha ya Umesh katika fremu: ile miwani minene, ule uso wa mtu anayesubiri umjibu. Na fremu ile ilikuwa imevishwa shada la maua ya rangi ya machungwa.

Nyansiongo imeishi na Wahindi hawa miaka mingi, imejifunza. Watu walikuwa wamehudhuria msiba wa mama mzazi wa Umesh, wakaona picha yake imevishwa maua vilevile, wakaelezwa kwamba kwao marehemu ndiye huvishwa maua ya namna hiyo. Basi hapakuwa na swali. Hata mtu asiyejua kusoma aliisoma picha ile. Sylvanus alivua kofia, na kufikia saa ya chai habari ilikuwa imefika Masimba. Makundi ya WhatsApp yalijaa picha za mishumaa. Utauliza kwa nini hakuna aliyepiga simu. Nani ampigie mfiwa kumuuliza kama ni kweli amefiwa? Waliojaribu kupiga kutoa pole waliikuta simu ya Ramila imezimwa, jambo ambalo kila mtu aliliona ni la kawaida kwa mwenye msiba.

Ukweli ni kwamba Umesh alikuwa amepelekwa Nairobi kwa mwanawe Aakash, akapasuliwa moyo, akapona. Ila ukweli huo ulikuwa Nairobi, na msiba ulikuwa Nyansiongo.

Mwili haukuja, kwa kuwa Wahindi huchoma wafu wao na kila mtu alidhani wameshamaliza huko huko. Watu walikusanyika kwenye baraza ya duka lililofungwa, wakafunga maua kwenye kufuli, wakamlilia kwa maneno. Walisimulia jinsi baba yake, mzee Jayantilal, alivyokuja wakati walowezi wanaondoka na mashamba yanagawiwa watu, akafungua duka katika kibanda kilichokuwa cha kuwekea mitungi ya maziwa ya mzungu. Upande mmoja wa rafu kulikuwa na dawa za watu, upande wa pili dawa za kupe na minyoo ya ng'ombe. Walisimulia yule mama wa Masimba aliyeuziwa dawa ya kuchua mgongo akainywa, kwa kuwa Jayantilal aliyemweleza hakujua Kikisii na yeye hakujua Kiswahili. Alilazwa, akapona, na tangu siku hiyo ndipo neno Rudia likazaliwa. Walisimulia jinsi Umesh alivyosomea ufamasia mbali akarudi, wenzake wote walipokuwa wanakwenda Uingereza, na jinsi Kikisii chake kilivyokuwa kizuri kuliko cha wajukuu zao. Mtu mmoja alisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wote wakakubali kwamba methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya nyumba ile. Chifu alizungumza, akalia. Orpah naye alisimama akasimulia habari ya pikapu, na hakuweza kumaliza.

Wiki hiyo hiyo Gladys, mke wa Onyiego, akajifungua.

Mtoto alikuja na kilio chake. Alinyonya akalia, akaogeshwa akalia, akabebwa akalia. Jina la marehemu babu yake, Manasseh, lilikuwa limeshachukuliwa na kaka yake. Orpah aliyaita majina mengine ya wafu wa boma moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini ili mchungaji asije akapita njiani. Alipomwita Ondieki, ndugu yake, mtoto aliongeza sauti. Jioni Orpah alikaa naye kizingitini, amechoka, machozi ya msiba bado yako karibu, na bila kukusudia jina likamtoka mdomoni. Mtoto akanyamaza. Akapiga chafya moja, akalala. Gladys na Onyiego walitazamana, na wote watatu walijua mambo yamekwisha. Wiki iliyofuata nesi wa kliniki aliandika kwenye kadi: Umesh Onyiego.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo Orpah aliisikia kichwani tangu siku aliyoona duka limefunguliwa, na neno laja ndilo lililomnyima raha. Alitoa amri nyumbani kwamba mtoto aitwe Ondieki. Onyiego, anayepima majani chai kwenye kituo cha ununuzi na hana muda wa mizozo, alisema jina halimdhuru mtu, mama aliache. Gladys aliitikia ndiyo mama mbele ya mkwe, akienda jikoni anamwita mtoto Umesh. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshaamua. Akiitwa Ondieki alikunja uso akaanza upya vilio vyake vya mwanzo.

Orpah aliacha kwenda soko la Nyansiongo. Dawa yake ya presha alianza kuinunulia mbali, katika duka ambalo kijana alimsukumia pakiti dirishani huku anaongea na simu. Orpah alisimama pale akisubiri kuulizwa. Kijana aliinua macho, akamuuliza kama kuna kingine. Alirudi nyumbani akaviangalia vile vidonge, akajirudia mwenyewe kwa sauti, peke yake mezani, akaona aibu na upweke kwa pamoja.

Halafu Sylvanus akapita na habari. Mzee alikuwa ameanguka juzi. Alishikwa na kizunguzungu akifungua duka, akakaa chini kwenye ngazi, jasho linamtoka, ikabidi Sylvanus na Nyamusi wamwinue. Sasa yuko kwenye kiti ndani ya duka, amekataa kulala.

Orpah aliingia ndani akambeba mtoto, akafunga leso, akachukua kadi ya kliniki, akateremka kilima. Alikuwa ameogopa siku nyingi, na sasa woga ulikuwa umefika mwisho wake, umegeuka kuwa haraka. Kama yeye ndiye aliyeliweka jina lile mahali pabaya, yeye ndiye atakayeliondoa, mbele ya mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla mzee hajaanguka mara ya pili.

Duka lilinuka kama siku zote, sabuni ya dawa na karafuu. Ramila alikuwa kwenye kaunta katika sari ya buluu na sweta ya kijivu, akimsikiliza Nyamusi akirudia maelezo ya dawa ya macho. Umesh alikaa pembeni kwenye kiti cha mkono, amekumbatia mto mdogo kifuani kama walivyomfundisha hospitalini, ili akikohoa mshono usivutike. Ukutani juu yake picha ilikuwa bado inaning'inia, na maua yake yalikuwa mapya, na hakuna aliyekuwa amethubutu kuuliza kwa nini. Orpah alitazama picha, akamtazama aliye chini yake.

Umesh alimwona, uso ukachangamka. Alimsalimu kwa Kikisii, akamuuliza amepotelea wapi, chai inaendeleaje, Onyiego hajambo. Orpah alijibu kwa kifupi, akabaki amesimama.

"Nimekuja kurudisha kitu, mogaka," alisema, akimwita kwa neno la Kikisii la kumheshimu mzee.

"Dawa ikishatoka dukani hairudishwi, Mama Onyiego. Soma hapo ukutani."

"Si dawa. Ni jina lako."

Alimfungua mtoto, akamwekea mzee kadi ya kliniki mkononi. Kisha akasimulia yote, bila kujitetea: kufuli, picha, maua, kilio cha barazani, kilio cha mtoto, chafya. Aliposema picha, Ramila aliinua macho kwenye ukuta na mkono ukaenda mdomoni. Picha ile ilikuwa ya baba yao. Alikuwa ameileta kutoka sebuleni asubuhi ile ya safari, akaitundika ikitazama mlango, akamwambia Jayantilal amlinde mwanawe na alinde duka mpaka warudi. Aliivisha maua kwa sababu marehemu huvishwa maua. Tena aliporudi akakuta maua makavu kwenye kufuli, alidhani Nyansiongo inawakaribisha nyumbani, na alikuwa amemwandikia Aakash kumsifia watu hawa.

Umesh alicheka. Alianza polepole, akauminya mto kifuani, akacheka mpaka miwani ikamteleza na Ramila akamkemea kwa Kigujarati kuhusu mshono. Nyamusi, aliyekuwa amekataa kuondoka, alicheka. Sylvanus aliingiza kichwa mlangoni kujua kunani, akaambiwa, akaangalia gundi vidoleni mwake, maana uvumi wote ule ulikuwa wake.

"Mlinililia kweli?" Umesh aliuliza.

"Tulikulilia."

"Chifu alilia?"

"Alilia. Kwa sauti ya chini."

Alitaka kujua kila kilichosemwa. Ni watu wangapi duniani husikia walivyoliliwa? Orpah alimweleza, na Nyamusi akajazia alipoacha. Umesh alisikiliza kama mtoto anayesimuliwa hadithi, akitikisa kichwa, mpaka walipofika kwa yule mama wa Masimba na dawa ya kuchua, akainua kidole. Hapo walikosea, alisema, na walikuwa wamekosea miaka yote, na baba yake alikuwa amewaacha wakosee kwa sababu mama yake alimwomba. Siku ile Jayantilal alikuwa Kisumu kuchukua dawa. Aliyeuza chupa ile ni mama. Aliyekwenda Masimba kwa miguu, na sari yake, akakaa kando ya kitanda cha mgonjwa mpaka akapona, ni mama. Na ndiye aliyerudi akasema kuanzia leo hakuna atakayetoka hapa bila kurudia. Baba alikuwa na sauti kubwa tu, ndiyo maana watu wakalikumbuka neno kwake.

Kisha akageuza shingo kuitazama picha. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

"Maisha yangu yote naambiwa sijamfikia huyu," alisema. "Na nyinyi mmechungulia dirishani mkaona ni mimi."

Orpah aliona jinsi mzee alivyofurahi, na furaha ile ilimuumiza zaidi. Alikuwa amekuja kumwokoa, na mtu mwenyewe anacheka kwenye mlango wa kaburi.

"Mimi siwezi kucheka, mogaka," alisema. "Ulipoanguka juzi, mimi ndiye niliyekusukuma. Lichukue jina lako. Sema mbele ya hawa watu kwamba umelichukua, nimpe mtoto lingine, alie atakavyo. Wewe ulinipa Onyiego. Sitaki nikupe kifo."

Ramila ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha haraka, na hakuwa akimwangalia Orpah bali kaka yake.

"Mwambie kwa nini wewe ulianguka. Mwambie, ama mimi nimwambie?"

Umesh alisafisha miwani yake kwa pindo la koti.

"Hataki kusema," Ramila alimwambia Orpah. "Daktari alimpa tembe mpya ya presha, ya kumeza akishakula. Mimi nikamwambia, Umesh, rudia. Yeye akaniambia yeye ndio mfamasia hapa. Akameza na tumbo tupu, akaenda kufungua mlango, akaanguka. Huyo ndio aliyemsukuma."

Nyamusi alifunika uso kwa kanga. Sylvanus alitoka nje kucheka kwa heshima. Mzee aliyewarudisha watu wazima darasani miaka yote hiyo aliinamisha kichwa kama chifu, akitazama viatu vyake.

Lakini woga wa Orpah haukuwa wa vidonge tu, na Ramila aliuona. Hayo yalikuwa ya juzi; je, ya kesho? Alitoka nyuma ya kaunta, akamchukua mtoto kutoka mikononi mwa Orpah, akamtazama uso vizuri. Akauliza shangazi wa mtoto huyu ni nani, dada wa baba yake. Orpah akasema hana. Onyiego alizaliwa peke yake.

"Basi pole, hapo ndipo mambo yaliharibika," Ramila alisema. "Kwetu, jina la mtoto hatungoji mtu afe. Dada ya baba ndiye hutoa. Akishasema yeye, limekwisha, hata babu hawezi kubisha. Aakash mimi ndio nilimpa jina. Sasa, huyu Onyiego kaka yangu alimkimbiza Kisii akiwa hawezi kupumua. Kutoka siku hiyo yeye ni mtoto wa hii duka. Kwa hivyo shangazi ni mimi, na hakuna mtu ameniuliza."

Orpah alihisi kitu kikilegea ndani yake, lakini hakuthubutu kukiamini.

Ramila aliomba leso. Kwao, alieleza, watoto wanne hushika pembe nne za kitambaa, mtoto mchanga akalazwa katikati akabembezwa, na shangazi akatamka jina. Watoto walikuwa shuleni, basi watatosha hawa waliopo. Aliikunjua leso ya Orpah, ile ile aliyomfichia mjukuu kichwa. Nyamusi akashika pembe moja, Sylvanus akaitwa akapangusa mikono yake yenye gundi akashika ya pili, Orpah ya tatu. Umesh aliweka mto wake juu ya kiti, akasimama. Dada yake alianza kumkataza, akaona uso wake, akaacha. Mzee akashika pembe ya nne kwa mikono yote miwili.

Wakambembeza mtoto taratibu kati ya rafu za dawa, yeye akiwatazama mmoja mmoja kwa macho makubwa. Mteja aliyefika mlangoni alivua kofia bila kujua kwa nini. Ramila aliimba wimbo mfupi wa kwao, sauti yake imekwaruza kidogo. Kisha akainama juu ya leso, akalitamka jina kwa uwazi, kama mtu anayesoma maandishi ya chupa.

Akainuka. Mtoto hakulia.

Orpah alikuwa bado ameishika pembe yake kwa nguvu. Tangu aingie dukani hakuwa amelitamka jina lile hata mara moja. Alikuwa amesema jina lako, alikuwa amesema mogaka, alikuwa amelizunguka kama mtu anayezunguka nyoka njiani. Umesh alilijua hilo. Alimtazama juu ya leso, miwani imekaa sawa, uso ule ule wa kwenye picha, uso wa mtu anayesubiri umjibu.

"Mama Onyiego," alisema. "Rudia."

Orpah alikumbuka barabara ya Kisii na kichwa cha mwanawe mapajani, na jinsi jina lilivyomshika mtoto asiende. Alimtazama mjukuu, akamtazama mzee, akalisema.

"Sikusikia," alisema mwenye duka. "Kwa sauti."

"Umesh."

"Naam," mzee akaitika. "Nipo."